Punguza Hiyo Kitu

Kamenu, Thika
Jumatatu, 12 Septemba 2022

Kwako Dalmas,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, ingawa Bwana mwenyewe anajua nimekasirika. Hapa nyumbani tuko wazima. Shingo tu ndiyo inaniuma, na hiyo ni ya kugeukageuka jana kanisani nikiangalia mlango kama utaingia. Wewe je? Unakula? Maji ya huko Ruiru unachemsha?

Simu zako zote tangu jana nimeziona. Sikupokea na sitapokea, kwa hivyo usifikirie simu yangu imeharibika. Siku ya mavuno, Dalmas, ndiyo siku ulichagua kutoroka! Kanisa limejaa kabichi na ndizi na kuku wa mnada, kwaya imesimama, mimi nimeinua kidole, kinanda hakina mtu. Ikabidi nianzishe wimbo kwa mdomo. Nikaanzisha juu mno, na akina mama wa sauti ya kwanza wakalia kushinda wale kuku. Mzee Nicanor, kiongozi mzima wa kanisa, aliinamisha kichwa nikajua anacheka.

Basi baada ya ibada nikashika kinanda kwa mkono, nikasema mbele ya akina mama wote na wazee wakisikia: Dalmas hatasikia sauti yangu tena mpaka siku atakayoketi kwenye kinanda hiki cha kanisa. Nilikuwa na hasira, ndiyo. Lakini imeshasemwa mbele ya watu, na unanijua.

Hata hivyo sikusema sitaandika. Mutisya wa mkate hupeleka mikate Ruiru kila asubuhi na pickup yake, na amekubali kubeba barua. Meseji za simu sitaki, wewe huwa unajibu "sawa" peke yake.

Ni mimi mamako,
Akello

*

Ruiru
Jumapili, 25 Septemba 2022

Mama mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo Kamenu pamoja na hiyo shingo. Ipake mafuta ya moto. Mimi niko poa, nakula, na maji nachemsha, hata Kitheka anaweza kushuhudia. Kitheka ndiye rafiki yangu wa kutoka Juja, yule anafungua redio akizirudisha zinaimba vizuri kuliko mwanzo. Tumekodi chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukutani tumebandika trei za mayai na mlangoni tumetundika blanketi, ndiyo studio.

Mama, pole kwa Jumapili ile. Kuna mwimbaji mkubwa alikuwa anapitia Ruiru akielekea safari, akasema kama nina mdundo wa kumpa, nimpe asubuhi hiyo tu. Nilijua nikikataa sitapata mwingine. Akauimbia, na sasa unachezwa.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana naona unafikiri tunavuta bangi tu na kupiga kelele. Natengeneza mdundo mmoja, tunauita riddim. Halafu waimbaji watano, sita, kila mmoja anauimbia maneno yake, na mimi mwenyewe naimba wa kwangu. Ni vile tenzi moja makanisa kumi yanaiimba na kila kanisa linajiona ndilo linaijua. Jina langu la kuimba ni Don Kamenu.

Kuhusu kinanda, ningekuja hata Jumapili ijayo. Nilimpigia Mzee Nicanor kumwambia hivyo. Akasema sitagusa kinanda cha kanisa mpaka nisimame mbele ya watu niseme muziki wa reggae na dancehall ni wa shetani na nimeuacha. Mama, sitasema hivyo. Itakuwa ni uongo, na wewe ndiye ulinichapa nikiwa mdogo juu ya uongo.

Sasa sijui tutafanya nini. Nimezoea kusikia ukinigombeza kila siku.

Mwanao,
Dalmas

*

Kamenu
5 Oktoba 2022

Nyathina, mwanangu,

Barua yako nimeisoma, na shingo imepona. Nashukuru Mungu kwa hiyo na kwa mvua iliyoanza.

Kwanza, Don wa nini? Kamenu ina chifu wake.

Pili, kuhusu Mzee Nicanor. Kusema uongo mbele ya madhabahu sitakuambia useme. Afadhali nikae bila kuongea na wewe kuliko nisikie ukisema kitu ambacho moyo wako haukisemi. Lakini na mimi neno langu siwezi kulimeza. Akina mama wangeniona aje? Mwaka jana tu nilimsimamisha mmoja kwaya kwa kusema kitu na kukigeuza.

Kwa hivyo hapo ndipo tumekwama, wewe na mimi na kinanda katikati. Tutaandikiana. Vaa sweta, huko kwenye trei za mayai kunaonekana kuna baridi.

Mamako,
Akello

*

Ruiru
20 Agosti 2023

Mama,

Nakusalimu sana na ninajua ni mimi nimenyamaza miezi yote hii. Sikuwa mgonjwa. Ni kazi, Mama, kazi imekuja mpaka tunalala kwa zamu. Wewe mguu umekuwa aje? Mutisya aliniambia ulianguka jikoni shuleni, akakataa kuniambia zaidi, akaniachia mkate bure.

Trei za mayai tumezitoa. Tuko kwenye jumba jipya karibu na stesheni ya treni, chumba cha kurekodi kina ukuta wa sponji kweli kweli, na spika ikilia chini unaisikia tumboni. Nimepata msichana anaitwa Maxine, alikuwa anauza viatu hapa Ruiru, na alikuwa anaita wateja kwa kuimba. Nilisimama nikasahau nilikuwa natafuta saizi gani. Nikampa riddim yangu mpya, akaimba wimbo wa mapenzi, na sasa huo wimbo uko kila kinyozi, kila duka, kila boda boda yenye redio. Wimbo wangu mwenyewe kwenye mdundo huohuo ndio wa pili. Tumeitwa Kisumu, na mwezi wa kumi tunaenda Kampala.

Unajua watu wakipenda wimbo wanafanyaje? Wanapiga ukuta na meza, wanapiga kelele "rudisha!", na DJ hana ruhusa ya kuendelea. Lazima asimamishe, arudishe mwanzo. Kisumu walirudisha wangu mpaka nikaishiwa pumzi. Nilisimama pale nikikuwaza, vile ulikuwa unasimamisha kwaya kwa kidole kimoja kwa sababu mtu mmoja wa sauti ya pili ameingia vibaya, na tunarudi mwanzo hata kama chakula kinaungua. Nilikuwa nakuchukia siku hizo. Sasa Maxine ananichukia mimi vilevile.

Nimekutumia leso mbili na Mutisya. Ile ya bluu ni ya kanisani.

Mwanao,
Dalmas

*

Kamenu
18 Februari 2024

Mwanangu Dalmas,

Amani iwe nawe. Mguu ulipona zamani na leso ya bluu imesifiwa hata na mke wa Mzee Nicanor, ambaye hasifu kitu. Kampala mlifika salama? Nimekuombea barabara yote.

Nataka kukuuliza jambo, wewe mtu wa vijana. Hapa shuleni ninapopika watoto wamepata wazimu. Unajua wakati wa foleni ya githeri lazima nipaze sauti, la sivyo wanamwaga sufuria. Juzi nikamwambia mmoja anayepiga sahani, "Punguza hiyo kitu!" Foleni nzima ikanyamaza kimya. Nikafikiri ni heshima. Kumbe walikuwa wanavuta pumzi. Wakalipuka, mikono juu, "bo! bo! bo!" na mmoja akagonga sufuria yangu kwa kijiko akipiga kelele rudisha, rudisha. Nirudishe nini? Githeri?

Sasa kila siku wanapita dirisha la jikoni kuniomba niseme "punguza". Jana walimu wawili walikuja pia. Vijana, wamenyoa vizuri, wanasimama tu hapo wakitabasamu. Nikiwauliza wanataka nini wanakimbia.

Ni ugonjwa gani huu?

Mamako,
Akello

*

Ruiru
21 Februari 2024

Mama,

Salamu. Tuko wazima wote.

Watoto wa siku hizi ni watundu tu, usiwajali. Labda usipaze sauti sana, upumzishe koo. Nimekutumia asali.

Nina haraka kidogo.

Dalmas

*

Kamenu
9 Juni 2024

Dalmas,

Mimi ni mzima. Wewe sijui.

Mwalimu Mitchell wa darasa la sita ndiye amekuwa na roho ya kuniambia. Alikuja jikoni na simu yake, akaniambia, "Mama Akello, keti kwanza." Nikaketi kwenye gunia la maharagwe. Akabonyeza. Nikamsikia mwanamke anagomba: "Dalmas! Punguza hiyo kitu!" halafu ngoma ikaanguka. Nikamwambia huyo mama ana adabu mbaya. Akaniangalia. Nikaomba arudie. Mungu wangu, ni mimi.

Akanichezea mwingine, ni mimi. Mwingine tena, mimi. Hata ule wa Maxine wa mapenzi! Mtoto wa watu anataka kumwambia mvulana anampenda, na mimi nimesimama mlangoni nagomba. Mitchell anasema ndiyo alama ya studio yako, ndiyo watu wajue mdundo ni wako. Anasema Kampala wananijua.

Sasa sikiliza. Karibu miaka miwili nimetunza neno langu. Krismasi iliyopita nilikuona Thika sokoni ukinunua nanasi. Ulikuwa umekonda. Nilijificha nyuma ya muuza mitumba nikaziba mdomo kwa mkono nisikuite. Nililia njia nzima kwenda nyumbani. Na wewe kumbe muda wote huo sauti yangu unayo mfukoni, unaamka nayo, unaifanyia biashara. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimeadhibiwa.

Nani alikupa ruhusa? Toa sauti yangu. Yote.

Na siku uliyoninasa sauti nilikuwa na mafua, inasikika wazi.

Akello

*

Ruiru
11 Juni 2024

Mama yangu,

Sijui nikusalimie aje barua hii. Naomba tu iwe imekukuta umeketi na umekunywa chai.

Ulisema ukweli wote. Nilitakiwa kukuuliza. Niliogopa ungekataa, na ungekataa.

Ilikuwa mchana mmoja hapo nyumbani, kabla ya ile mavuno. Nilikuwa chumbani najaribu maiki ambayo Kitheka alitengeneza kwa simu ya zamani, na jirani alikuwa na mgonjwa. Ukaingia bila kubisha. Maiki ilikuwa wazi. Niliihifadhi hiyo sauti tu tucheke, mimi na Kitheka. Halafu ukaweka kile kiapo. Wiki ya kwanza hapa Ruiru nilikuwa natengeneza mdundo na haukai. Nilijaribu kila kitu. Nikafungua ile sauti yako niisikie tu, nikaiweka mwanzo, na mdundo ukakaa. Uliingia mahali hasa unapotakiwa kuingia. Nimefanya kazi na waimbaji wakubwa sasa, Mama, na nakuambia hakuna hata mmoja anayeingia kwenye mdundo vile wewe unaingia kwenye chumba.

Ukweli mwingine ni kwamba ndiyo sauti yako pekee niliyobaki nayo. Nikaona kama kila mtu anaisikia kabla ya wimbo, basi hujaacha kuniongelesha.

Nimemwambia Kitheka. Nyimbo zilizokwisha kutoka siwezi kuzirudisha, ziko mikononi mwa watu. Lakini kuanzia leo hakuna wimbo mpya utakaokuwa nayo, na jukwaani DJ ameambiwa aikate. Kitheka alinuna. Maxine alilia, akasema sasa nani atamtangulia. Lakini ni sauti yako, si yetu.

Desemba tarehe kumi na nne nina shoo Thika, uwanjani, ya kwanza nyumbani. Jina langu ndilo liko juu kwenye mabango. Sikuombi uongee nami. Nakuomba tu ujue.

Mwanao,
Dalmas

*

Ruiru
27 Oktoba 2024

Mama,

Natumai ni kazi tu inayokuzuia kuandika na si homa. Mutisya ananiletea mkate peke yake siku hizi, nikimuuliza habari zako anahesabu mikate.

Neno langu nimelitunza. Hakuna wimbo uliotoka tena na sauti yako. Watu wananiuliza Mama ameenda wapi, kama amefariki. Nawaambia yuko Kamenu, mzima kabisa, ananipikia hasira.

Niandikie hata kugomba.

Dalmas

*

Ruiru
Jumatatu, 16 Desemba 2024

Mama,

Naamini uko salama. Naandika haraka kabla hujasikia kwa watu wengine ukadhani nimekudanganya.

Sikuiweka. Naomba uniamini. Jumamosi pale uwanjani nilimwambia DJ mara mbili, na yeye akaikata kama tulivyokubaliana. Mdundo wangu wa kwanza ulipotakiwa kuanza kukawa na kimya pale mwanzo, mahali pako. Nikasikia wasiwasi, maana kimya jukwaani kinaweza kukuua. Halafu watu wenyewe wakasema. Uwanja wote, Mama, kutoka mbele mpaka kule kwenye geti, kwa sauti moja: "Dalmas! Punguza hiyo kitu!" Na ngoma ikaanguka hapohapo. Hawakukosea hata kidogo. Nilishika maiki nikashindwa kuimba. Ikabidi turudishe.

Sasa sijui kama hiyo nayo inahesabika. Kama inahesabika, nisamehe. Siwezi kuwakataza, ni wengi.

Mwanao,
Dalmas

*

Kamenu
Jumatano, 8 Januari 2025

Nyathina Dalmas,

Heri ya mwaka mpya wewe na Kitheka na huyo msichana wa viatu. Mimi ni mzima, ila masikio bado yanavuma, na sababu utaisoma hapa chini.

Nilikuwepo. Usishtuke. Nilienda na Mwalimu Mitchell, nimejifunika leso hadi machoni na nimeziba masikio kwa pamba. Nilienda kukagua. Nilisema nikisikia sauti yangu hata mara moja natoka, na barua zimeisha.

Tukasimama karibu na geti. Ukatokea na koti lile jeusi. Watu wakapiga kelele mpaka nikamshika Mitchell mkono. Halafu kile kimya kikaja, na nikaona uso wako, na nikajua umetii. Nilitaka kulia hapo tu. Kabla sijalia, watu wote wale wakasema maneno yangu, kila mtu, wanaume na ndevu zao, na watoto wangu wa githeri nawaona wamepanda ukuta, nao wanasema. Mitchell akaniangalia. Dalmas, na mimi nilisema. Nilikuwa nimeshasema kabla sijajua, lakini ndani ya kelele ile hukunisikia, kwa hivyo neno langu liko salama.

Nikatoa pamba. Nilikusikiliza mpaka mwisho. Sikuelewa maneno yote na mengine nitakuuliza, lakini mwanangu, unaimba. Na kuna pale ulipoinua kidole kimoja, uwanja ukanyamaza, ukawaambia hamjaingia vizuri, turudi mwanzo. Hicho kidole nakijua, ni changu. Miaka yangu yote na kwaya sijawahi kunyamazisha watu hivyo. Najivunia wewe. Nimeandika wazi ili uwe nayo kwa karatasi: mimi Akello najivunia mwanangu.

Niliponyamaza miezi ile haikuwa hasira. Nilikuwa nafikiria neno langu, upande wa mbele na upande wa nyuma.

Sasa sikiliza. Ibada ya mwaka mpya umeme ulipotea, ukarudi na nguvu, kinanda kikatoa moshi. Mzee Nicanor akauliza nani anajua fundi. Nikasimama, nikasema namjua mmoja Ruiru, anaitwa Kitheka. Mzee si mjinga, anajua Kitheka anakaa na nani. Akasema kitengenezwe huko, lakini huyo mwingine asije kukipigia hapa kanisani. Nikamjibu, "Sawa Mzee, hapa kanisani hatakipiga." Wazee wote wakaandika.

Mutisya atakileta kesho pamoja na mikate. Kitoeni makombo. Kitheka akimaliza, nawa mikono, ukae wima, uketi mbele ya hicho kinanda. Nilisema mpaka aketi kwenye kinanda hiki cha kanisa. Sikusema kiwe wapi. Nimewauliza akina mama wote waliokuwepo siku ile, mmoja mmoja, na wamekubali ndivyo nilivyosema. Mke wa Mzee Nicanor ndiye alicheka zaidi.

Ukishaketi, piga ule wimbo wa mavuno uliotuacha nao. Uanzie chini, si juu kama mimi. Halafu unipigie simu. Sitaenda popote, simu nitakuwa nayo mkononi.

Na hiyo maiki yenu iwe wazi. Ile sauti ya zamani nilikuwa na mafua, na siwezi kuendelea kwenda Kampala na sauti ya mafua.

Mama yako,
Akello